Kaskazini Imeliwa na Mchwa

Milango ya Zumbara ilikuwa mitatu.
Mwanamisi anasema miwili.
Tunabishana tangu alasiri kwenye ua wa marehemu,
Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
chai ya matanga imetupoa mikononi,
na shemeji mmoja anauliza kwa adabu:
hiyo Zumbara iko wilaya gani?

Haina wilaya.
Palikuwa na kitabu kisicho jalada,
baharia Mgiriki alikiweka rehani, hakurudi kukikomboa,
kikaangukia kwa baba yake Semkiwa,
karani wa mizani kiwanda cha mkonge.
Kiingereza chake kigumu kama kamba mbichi.
Nusu tulikielewa, nusu tukaijaza wenyewe,
na hiyo ya kujaza ndiyo iliyodumu.

Dadu ya pande ishirini tuliiona kwenye picha tu.
Sisi tulikuwa na vizibo vya soda,
namba zimechorwa kwa msumari,
ndani ya kopo la Kimbo.
Tikisa, chota kimoja, usichungulie.
Ishirini: joka limesinzia, pita.
Moja: umekufa, kanunue mihogo ya wenzako.

Semkiwa alichora ramani nyuma ya karatasi za mishahara.
Upande huu mto Hirizi, unaopanda mlima badala ya kushuka;
upande ule majina ya wakata mkonge, na makato yao.
Ukiinyanyua mbele ya chemli
watu walitokeza ndani ya milima.
Ndiyo sababu, alisema,
milima ya Zumbara hunung'unika usiku.

Tukamwomba tukachezee mapango ya Amboni.
Akakataa. Yale ni mafupi, alisema,
yana mwisho.

Na darajani, kwa sauti isiyokuwa yake:

*Mpita njia simama, mzigo wako utue,*
*Herufi ya jina jema, hapa kwangu uitoe,*
*Ukipinga rudi nyuma, na nyuma usijijue,*
*Ukivuka utasema, "jina langu, nirudie."*

Nilivuka mara mbili.
Niliondoka Mbaruku, nikafika nyumbani Aruku,
mama akaniita kula, sikuitika.
Mwanamisi, mwizi wetu mwenye ndevu hadi magotini,
hakuacha hata herufi: alipita chini ya daraja,
juu ya maji yanayopanda,
na mpaka leo anasema sisi ni wajinga.

Kibwana yuko Maskati. Ametuma sauti kwenye simu,
dakika nne, mbili za kwanza ni rambirambi.
Halafu: *daraja lilikuwa la mawe ya chumvi, msije mkasema mbao.*
Halafu kimya, na kiyoyozi,
na mtu anajipenga kamasi.

Mlango wa tatu ulielekea kaskazini.
Ijumaa ijayo, Semkiwa alisema, nitawafungulia.
Ijumaa hiyo kiwanda kilibandika orodha getini,
baba zetu wakaisoma wakiwa wamesimama,
na jioni hakuna aliyeleta mafuta ya taa.
Ndiyo maana Mwanamisi anahesabu miwili.
Usiofunguliwa, anasema, ni ukuta.

Mjane ametoa ramani chini ya godoro.
Imebaki kusini, imebaki mto, limebaki nusu daraja.
Kaskazini imeliwa na mchwa,
na pamoja nayo wakata mkonge kumi na watatu.

Akauliza: huko kwenu, yeye alikuwa nani?

Tukatazamana.
Alikuwa mvua. Alikuwa malkia mwenye meno ya shaba,
mlinzi, mbuzi wa mlinzi, joka, usingizi wa joka.
Alikuwa kila mtu isipokuwa sisi watatu.

Akacheka, kicheko kidogo, akajiziba na upindo wa kanga,
kisha akaingia ndani, akarudi na kopo.
Kutu imekula mdomo wake.
Akalitikisa kama anayepima mchele umebaki kiasi gani,
akachota, hakuchungulia.

Kumi na moja, akasema. Ni nzuri?

Mwanamisi akanitazama. Nikatazama simu.
Hakuna hata mmoja anayekumbuka
kumi na moja hufanya nini.