Herufi K

Zamu yangu ya likelemba iliangukia mwezi wa nne,
wakati mvua inapiga Goma kama inadai deni.
Mama alikwisha kuhesabu: mabati sita,
misumari kilo moja, fundi wa Ndosho asiyepunja.
Mimi nikaenda Birere, nikarudi na bidoni tatu za mawese,
soda kali ndani ya mifuko miwili,
na mwiko mrefu kuliko mkono wangu.

Hakugomba. Alisogeza sufuria chini ya tundu la paa
na kila tone likasema alichokinyamazia.

Wanaosema biashara ni akili hawajachota maji Majengo.
Huku ziwa unaliona, hulinywi.
Unapanga bidoni zako juu ya jiwe jeusi saa kumi usiku,
unakwenda kulala kidogo, unarudi,
unakuta yako imesukumwa nyuma na mguu wa mtu.
Sabuni, kitu cha kuondoa uchafu,
nayo huanza kwa ugomvi.

Pishi la kwanza halikushika.
Niliamka nikalikuta limelala kwenye sanduku,
laini, la njano, kama bugali wa mgonjwa.
Mama Aksanti, jirani, akachungulia:
"Hii tunakula na nini? Na sombe?"
"Na aibu," nikajibu, tukacheka.
Usiku sikucheka. Niliandika kwenye daftari
mawese, soda, makala,
kisha nikaandika upumbavu,
nikaacha nafasi ya bei.

La pili nililikoroga upande mmoja tu,
kama alivyonifunza mjane wa Katoyi, aliyeniuzia nusu ya siri;
nusu nyingine niliilipa kwa vidole,
viwili hadi leo havijarudisha ngozi yao.
Likashika!
Nilikata kwa waya wa breki ya baiskeli,
nikagonga kila kipande muhuri wa mti:
K, ya Katungu. Mguu wake umepinda,
kisu kiliteleza nilipochonga. Nikauacha.

Ila tundu lile.
Usiku wa Jumanne lilijua njia ya ubao wangu.
Asubuhi vipande arobaini vilikuwa na madoa meupe
kama vimeugua surua.
Mama aliangalia paa, akaangalia ubao, akaenda zake sokoni.
Hakuna tusi lililowahi kunichoma hivyo.

Hangi alivipakia juu ya chukudu, akavifunika kwa koti lake.
"Utanilipa vikiuzwa," akasema.
"Visipouzwa, nitaoga mwaka mzima."
Soko la Virunga, mtu wa ushuru alifika kabla ya mteja.
Nilimwonyesha mfuko mtupu wa sketi;
akachukua vipande viwili,
akaniandikia risiti ya kimoja.

Saa tisa, mama mmoja anayefua jezi za timu ya Mabanga
alinusa, akakwaruza kwa ukucha.
"Ina madoa."
"Mvua ilitaka kuionja kabla yenu."
Akanunua saba.
Pesa sikuzihesabu. Nilimhesabia hatua
mpaka akakata kona, asije akageuka.
Alhamisi akageuka kweli, pamoja na dada yake,
wakiulizia ile sabuni ya surua.

Sasa ni mwezi wa saba, vumbi linaniletea wateja bure.
Hangi bado ananidai safari nne.
Bati nimenunua moja; limeegemea ukuta,
fundi anasema bati moja ni matusi kwa nyundo.
Mama hajaniomba sabuni hata siku moja.
Hununua ya kiwandani, ya karatasi ya bluu,
huiweka juu ya dirisha, palipo wazi, niione.

Jana nilikuta nyuma ya ndoo
kipande chembamba kama ulimi.
K ilikuwa imefutika yote,
umebaki mguu uliopinda.
Nilikaa nimechuchumaa, nimekishika.
Akapita na beseni, hakunitazama:

"Sabuni yako inakausha mikono.
Ongeza mafuta."