Koti la Lindo

Nilimpata kwa sado moja ya viazi,
maana Skolastika alisema paka hatolewi bure,
ukipewa bure atarudi kwao.
Akamtia kwenye salfeti, pua akaiacha nje,
nikatembea naye toka Kinyanambo hadi chumbani kwangu,
mfuko ukilia kama bawaba isiyojua mafuta.

Miaka hamsini na mbili sijawahi kufuga.
Kwa mama yangu mbwa alikuwa wa nje,
paka alikuwa wa jirani,
kuku alikuwa wa mgeni.
Sasa nimepanga chumba kimoja hapa Mafinga
na panya wamepanga humohumo,
ila kodi nalipa mimi.

Akaingia chini ya kitanda, nyuma ya debe la mahindi.
Siku mbili.
Nikapiga magoti, mtu mzima, shavu sakafuni,
nikamwita kwa majina yote niliyokuwa nayo:
nyau, mwanangu, bosi, wewe.
Macho mawili yakanitazama toka gizani
kama tochi za wezi ninaowasubiri kila usiku
pale kwenye yadi ya mbao
na ambao hawajawahi kuja.

Nikampa maziwa. Nani hajui paka hunywa maziwa?
Hata kitabu cha darasa la kwanza kilimchora na bakuli.
Kufika saa nane mchana chumba hakikaliki.
Luvanda wa mifugo alicheka mpaka kofia ikamdondoka:
“Kihwele, huyo si ndama.
Maji. Usipa, uuloweke kwanza, chumvi itoke.
Na Jumanne umlete nimchanje kichaa.”
Nikaandika kwenye daftari la zamu,
chini ya namba za malori yaliyotoka na nguzo:
maji
usipa
Jumanne.

Choo hakikunisumbua.
Nilibeba maranda ya msonobari mfukoni,
nikayamwaga kwenye karai bovu.
Akanusa, akachimba, akafukia
kwa adabu ambayo wapangaji wenzangu, pale choo cha uani,
nawadai mpaka leo.

Jumanne cheti kilitaka jina.
Sikuwa nalo.
Luvanda akangoja, kalamu hewani, nyuma yetu foleni ya mbwa,
mwisho akaandika: Paka wa Kihwele.
Nikakisoma njia nzima.
Nikakisoma tena nilipofika.

Halafu Juni ikaja na sakitu yake,
nyasi za uwanjani nyeupe alfajiri kama zimemwagikiwa unga.
Jiko la mkaa siwezi kuliacha linawaka, mlango umefungwa;
tulimzika fundi Mhagama hivyo, na mkewe.
Saa kumi na mbili jioni nikasimama na kufuli mkononi.
Yeye juu ya debe, kajikunja,
kinachotetemeka ni masikio tu.

Nikavua koti la lindo.
La kampuni, zito, mgongoni limeandikwa MLINZI.
Nikalitandaza kitandani, mkono mmoja nikauacha wazi kama pango,
nikaenda.

Usiku ule nililinda mbao kwa sweta mbili na gunia.
Ukungu ulishuka mpaka taa ya getini ikawa kiini cha yai.
Sanga akauliza, koti liko wapi?
Nikasema limechanika.
Ningesemaje? Kwamba liko zamu?

Asubuhi nilifungua mlango kwa kidole,
polepole, viatu mkononi,
kama yule mwizi wangu wa miaka yote.
Kwenye mkono wa koti zikatoka kwanza sharubu,
kisha kichwa,
kisha ule mlio wa cherehani iliyo nyumba ya tatu.
Hakuja. Alinitazama tu navua soksi.
Nilipolala ndipo akapanda kifuani,
akanikanda kwa kucha zake kama unga wa maandazi,
na mimi, niliyezoea kulala chali kama maiti wa serikali,
sikuthubutu kugeuka mpaka adhuhuri.

Panya? Wapo.
Juzi mmoja alipita mbele yake na punje ya mahindi,
wakatazamana.
Labda naye anasubiri wezi wakubwa zaidi.

Koti limerudi mgongoni, limejaa manyoya meupe.
Sanga anadhani nimeanza kuota mvi kwa nyuma.
Simsahihishi.