Nyongeza

Miaka kumi nilimsikia kwa visikizi.
Uso wake niliuona mara mbili tu, tena kwa mbali.
Kazi yangu ilikuwa Hansadi:
mtu anasema, mimi napiga chapa,
nafuta vikohozi, nanyoosha sentensi,
meza zikipigwa naandika (Makofi),
wakicheka naandika (Kicheko).

Mheshimiwa Yeremia Chipanha, Jimbo la Isalanzi.
Siku ya kwanza alifungua kwa "Mbukwenyi!"
Spika akamkumbusha lugha za Bunge.
"Nisameheni. Juzi nilikuwa napalilia uwele,
ulimi bado uko shambani."
(Kicheko)
Alisema "selikali", niliandika Serikali.
Alisema "mala ya pili", niliandika mara.
Nilimpalilia hivyo, herufi kwa herufi,
nikidhani magugu ndiyo yale.

Asilimia hakuzijua.
Mvua aliipima kwa kidole: imeingia pingili mbili.
Njaa aliipima kwa milango:
saba imefungwa kwa miba, wenyewe wako Kibaigwa
wanabeba magunia ya watu.
Kweleakwelea aliwasimulia kama wageni anaowafahamu,
wanafika alfajiri, hawana papara,
wanaanzia shamba la mjane.
Waziri akajibu kwamba ndege ya kunyunyizia dawa
iko kwenye matengenezo.
"Mheshimiwa Spika, ndege wetu wanaruka.
Ndege yenu ndiyo hairuki."
(Kicheko) (Makofi)
Hiyo sikuigusa hata nukta.

Kisha kisima.
Kila Bajeti, kisima, na kila Bajeti jibu lile lile:
upembuzi yakinifu umekamilika, fedha zikipatikana.
Mwaka wa sita nilikuwa nimeshalimaliza kuliandika
Waziri bado anafunua jalada.
Naye husimama:
"Naomba kuuliza swali moja la nyongeza."

Siku moja alisimama, asiulize.
Niliurudisha mkanda, nikahesabu: sekunde kumi na tisa.
Ndani yake pumzi tu,
ya mtu anayeshusha ndoo
na kamba imeishia mkononi kabla ya maji.
Kengele ikalia.
Hansadi haina alama ya kimya.
Niliruka mstari, nikaendelea na msemaji mwingine.

Kura za maoni zilimwangusha, kura kumi na moja,
mbele ya kijana aliyegawa jezi.
Kisima kilichimbwa mwaka uliofuata.
Maji yana chumvi, ng'ombe wanayanusa na kugeuka.
Jiwe la ufunguzi lina jina la kijana.

Mimi nilistaafu.

Jumamosi iliyopita, soko la Sabasaba,
sauti ikaniita kutoka nyuma ya magunia:
"Mama, huu wa msimu huu, si wa ghala."
Nilifumba macho kwanza, ndipo nikamjua.
Kikohozi kile kile nilichokuwa nakifuta.
Suruali ilikuwa ya suti, nadhani ile ya Bunge,
imekunjwa hadi kwenye ugoko,
pindo limejaa makapi ya alizeti.
Akachota uwele kwa kisado, akakigonga ubavuni
nafaka zishuke, akakijaza tena
hadi kikawa na kichuguu.
Nikatega mfuko. Akamimina.
Halafu akachota kiganja kimoja, akaongeza juu.
"Na hiyo?" niliuliza, ninajua.
"Nyongeza," akasema. Hakucheka.

Ningemwambia nini?
Kwamba miaka yake kumi niliifungia kabatini,
imenyooshwa, imepigwa pasi, haina vumbi?
Nikauliza habari za shamba.
"Mala ya kwanza tangu nitoke kule," akasema,
"kwelea hawakuja."

Nyumbani niliuosha uwele, nikauanika.
Kisha nikatafuta karatasi, nikaandika alivyosema.
Kalamu ilisita kwenye mala, ilizoea.
Nikaliacha.