Lita Moja na Nusu

Wakala wa Tbilisi alitaja lari mia nne,
akaitaja kwa upole, kama daktari.
Wa pili akacheka: "Gari la umeme, dada,
oili ya nini?"
Wa tatu hakuinua uso kwenye simu.

Lakini mimi nalisikia. Kilomita laki na ishirini elfu
nikipeleka mikate Khashuri na kurudi Kutaisi,
na mteremkoni, kwenye giaboksi,
kitu kinasaga meno kama mtoto usingizini.

Ni Tsiuri, muuza jibini, aliyenielekeza:
mjaribu Nugzari, nyuma ya karakana ya mabasi ya nyaya.
(Mabasi yenyewe yalishauzwa chuma chakavu.)

Nikamkuta anakula maharage ndani ya kopo.
"Mota ni mota," akasema.
"Hii yako imemeza nyaya zake, basi."

Akajilaza juu ya katoni.
Hakugusa bolti ya kumwagia
mpaka ile ya kujazia imelegea.
"Usimwage ulichonacho
hujajua pa kutilia kingine."
Nikamkumbuka mume wangu, aliyeko Poland.
Nikanyamaza.

Ikatoka nyeusi, chai iliyosahauliwa jikoni.
Kwenye sumaku, manyoya ya chuma;
akayafuta kwa kidole gumba, akanionyesha:
"Mlima wako wa Rikoti huu hapa."

Lari sitini, oili ikiwemo.
Nikaongeza mkate; akaupima mkononi kama spana.

Usiku nikashuka Rikoti, redio nimezima,
nasikiliza.
Kimya.
Hapo ndipo nikausikia mlango wa nyuma.