Tani Nne

Nguo za baba nilizifua mimi.
Nyeupe, za trafiki. Bluu ncha ya kijiko
kwenye beseni la mwisho; ukizidisha
shati linageuka samawati
na wenzake wanamcheka kwenye gwaride.
Kabla ya kuloweka, toa karatasi.
Ndivyo mama alivyosema. Karatasi.

Za elfu mbili, za elfu tano,
zimekunjwa mara nne, mara nane,
ndogo kama hirizi,
zinanuka dizeli,
na msimu wa machungwa zinanuka Muheza nzima.
Nilizinyoosha mezani
nikazipiga pasi pamoja na kola.

Ada ya muhula wa pili.
Bati tatu za jiko.
Dawa ya sukari ya bibi kule Amboni.
Baba hakutudanganya hata siku moja.
Alisema, "Wamenipa,"
nasi tukashukuru kama watu wanavyoshukuru mvua,
nani huuliza wingu limetoka wapi?

Usiku alinifundisha hesabu za kutoa.
"Lori lina tani thelathini na mbili.
Cheti kinasema ishirini na nane.
Zimepotea ngapi?"
"Nne, baba."
"Hazijapotea," akasema,
akaninyooshea kidole miguuni,
kwenye viatu vyangu vipya vya shule,
akacheka mpaka filimbi ikamruka kifuani.
Alikuwa na kicheko kizuri, Afande Semboja.
Mpaka leo sijui nikiweke wapi.

Halafu masika yale,
lori la mkonge, alfajiri, mteremko kabla ya daraja.
Breki zilishika, wanasema. Mzigo ndio haukushika.
Utingo alikuwa amelala juu ya marobota.
Jina lake Kiparu, wa Mombo, ana miaka kumi na tisa.
Walimfukua kwa mikono
na nyuzi zilikuwa nyeupe, nyeupe kabisa,
kama kitu kilichotiwa bluu kwa kipimo.

Lilikuwa limepita kwa baba saa kumi na moja kasoro.

Mfukoni siku ile nilikuta noti moja, ya elfu kumi,
haijakunjwa hata mara moja.
Walikuwa na haraka.
Mama aliichukua kwa ncha za vidole
akaiweka juu ya kabati, chini ya kopo la bluu.
Hatukuitumia. Hatukuirudisha;
ungeirudisha kwa nani?
Panya waliianza pembeni.

Sasa mimi ndiye nisomaye mizani.
Kibanda, feni mbovu, tarakimu nyekundu.
Dereva anapanda ngazi, anajifuta jasho kwa kofia.
"Dada, tuongee kiutu uzima.
Ni machungwa haya, si chuma.
Mpaka Chalinze yatakuwa yamekauka, uzito utashuka wenyewe."
Nacheka. Siwezi kujizuia.
"Faini hiyo tajiri ananikata mimi, dada.
Miezi mitatu. Nina wa darasa la saba."
Ananipa leseni. Imetuna katikati.

Naijua ile tuno.
Najua hata harufu yake kabla sijaifungua.
Na huyo wa darasa la saba, najua
anavaa namba ngapi.

Nairudisha leseni na tumbo lake.
Nabonyeza. Mashine inakohoa, inatema karatasi,
nampa hivyo hivyo ilivyo, ndefu, wazi.
"Shusha tani nne," namwambia.
Ananitazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha ya kwao.

Kesho yake nasikia alipita saa nane usiku,
zamu ya mwenzangu.

Baba amestaafu, mgongo umemkataa.
Kila jioni anapiga simu kutoka Pongwe,
haulizi nimekula nini.
"Leo wamezidi wangapi?"
Namtajia: sita. Saba na yule wa jana.
Anakaa kimya, na kwenye kimya kile
nasikia midomo yake,
anatoa,
anatoa,
anatafuta kilichobaki.