Kifumbu cha Sauti

Bi Tasneem alinijia dukani, Mwembe Tayari,
kunifikishia maneno ya mteja wake:
radi ya kwenye filamu zenu
yalia kama paka aliyekanyaga mabati.
Hakumbishia. Alikuwa keshaisikia mwenyewe
tangu enzi za babake, aliyeinunua amplifaya ile
kwa meli iliyofilisika Kilindini,
mashine ya kubebwa na watu watatu
na wa nne wa kulaumu.

Nikaifungua. Vumbi la miaka thelathini,
mende mkavu, kipande cha tikiti ya waridi,
na lehemu safi, ya mtu asiyekuwa na haraka.
Haikuwa mbovu.
Ila filimbi, kikohozi na bomu
vyote vilitolewa kwa mlango mmoja, vikasukumana,
na kizito, kama ilivyo ada,
ndicho kilichokwama.

"Sasa?" akauliza Chengo, mwanagenzi wangu.
Nyumbani kwenu hamchuji nazi?
Basi ni kifumbu tu.
Ila hiki chetu ni kichoyo:
chapitisha kasimile peke yake,
ule unono wa chini,
chaupeleka kwa sabufa.
Tui jepesi na liende na spika za zamani.

Rezista za kilo ishirini, mbili.
Kapasita za pointi moja, mbili.
Chipu ya miguu minane,
pweza mdogo aliyekaushwa.
Hesabu ikatoka sabini na tisa na pointi sita.
Tukasema themanini,
kama wachuuzi wa Marikiti.

Sanduku tulilikata wenyewe, la plaiwudi.
Chengo akalitia gundi hadi nyusi.
Tukalisukuma chini ya pazia,
nikawasha.

Mmmmmm.

Si radi. Si kitu.
Mlio mmoja mnene, hauna mwanzo,
viti vya mbele vikaanza kutetema vikiwa vitupu.
Nikaujua mara moja: umeme wa ukutani,
mizunguko hamsini.
Na hamsini ni chini ya themanini.
Kifumbu changu hakibagui;
hakijui ngurumo ya mtunzi wa filamu
na ngurumo ya transfoma.

Mbaruku akashuka kutoka chumba cha mashine,
ngazi moja moja, kwa magoti yake.
"Huo mbona upo siku zote," akasema.
"Mimi huusikia kwa nyayo.
Ukikatika, najua fyuzi imekwenda."

Miaka yote ile, basi,
chini ya kila busu, chini ya kila vita,
chini ya watoto waliolia wakatolewa nje,
mlio huu ulikuwa ukipita
na mtu mmoja tu aliusikia, akanyamaza.

Nilichukua saa mbili kumtafuta mchawi.
Alikuwa waya wa ardhi, tena si mmoja:
kila chombo kilijitafutia ardhi yake
kama ndugu waliogawana urithi.
Nikazikusanya zote kwenye skrubu moja.

Kimya.

Mbaruku akavua kiatu, akakanyaga sakafu.
"Imekufa?"
Imetulia.
Hakuonekana kuniamini.

Tukajaribu kwa filamu aliyoipenda Bi Tasneem,
ile ya nyumba ya kilimani na mume asiyerudi.
Mwanamke yuwamenya chungwa jikoni.
Naijua; atalimenya lote, kisha taa itazimika.
Lakini kabla ya taa,
du.
Du.
Du.

Chengo akatazama juu.
Juu yetu hamna orofa, kuna mabati na popo.
Nami nikatazama juu.
Du, taratibu, mtu wa viatu vizito,
kutoka dirishani hadi mlangoni,
na mwanamke angali na chungwa lake.

Bi Tasneem alikuwa kashika kalamu
aandike anachodaiwa. Hakuandika.

Na Mbaruku, aliyeionyesha filamu ile
mara arubaini au zaidi,
akasema kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa:
"Kumbe alikuwa mle nyumbani tangu mwanzo."