Kabla Hayajawa Kijani

Mpango nimeuandika nyuma ya bahasha
ya picha za paspoti ambazo mwenyewe hakurudi kuzichukua:
betri mbili, zijae;
lenzi ya kuazima kwa Mihayo;
shati la kaki, kwa sababu mbung'o wa Sikonge
hupenda bluu kuliko watoto wa shule wanavyoichukia.

Mkoba wa kamera ni wa bluu.
Nitaushonea gunia.

Kinachonishinda ni tarehe.
Harusi ina kadi, msiba una mpiga simu,
hata treni ya Mpanda ina saa yake ya kuchelewa.
Miyombo haina ratiba.
Husimama uchi Agosti nzima, vijiti na majivu,
moto wa porini umeiramba hadi magotini,
halafu siku moja, jua likiwa kali kuliko jana,
kabla ya tone hata moja,
inatoa majani mekundu.
Siku kumi. Labda kumi na mbili.
Kisha rangi inashuka kama homa
na pori linakuwa kijani, kijani tu,
la kila mtu.

Mwaka jana nilifika Oktoba, tarehe ishirini na mbili.
Nkwabi aliweka mzinga chini ili acheke vizuri.
"Umekuja kumwona mtoto," alisema,
"mtoto ameshaota meno."

Mwaka huu nampigia kila Ijumaa.
Anapanda kichuguu ndipo mtandao umpate.
"Mitundu imeanza, rangi ya ulimi wa mwanambuzi.
Miyombo bado imenuna."
Ijumaa nyingine: "Kuna mmoja karibu na kisima
umewaka peke yake,
kama aliyevaa sare siku ya mapumziko."

Jumamosi nina harusi Ng'ambo,
nusu ya malipo nimekwishaila.
Mama anapepeta mchele, anauliza
hayo majani yatanilipa kwa simu au mkononi.
Namwambia mchele una mawe.

Ukweli uko ukutani.
Pazia la studio nililinunua Kariakoo miaka tisa iliyopita:
njia ya changarawe, benchi,
miti ya manjano ya nchi nisiyoijua jina.
Mbele yake nimesimamisha mabibi harusi,
mafundi seremala na vyeti vyao,
mapacha wa Kalunde walipotimiza siku arobaini,
karani mstaafu wa stesheni
aliyevua kofia kwa heshima ya lile benchi.

Julai akaja Milembe, darasa la pili, picha ya shule.
Akageuka. Akagusa jani la kitambaa.
"Hapa ni wapi?"
Nikasema, "Ulaya."
"Mbona yanaanguka?"
"Yamezeeka. Baridi inakuja."
Akayatazama kama mtu aliyepewa habari
za mgonjwa asiyemfahamu.
"Ya kwetu yakiwa mekundu ni machanga," akasema.
Nikapiga. Alifumba macho.
Nikapiga tena, na mkono wangu
haukuwa umetulia.

Nimepima: mita mbili na nusu kwa tatu.
Fundi mabango anasema atachapa,
mradi nimletee picha kali.
Nataka ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
mwanga upite ndani ya jani, usilale juu yake,
mishipa ionekane
kama sikio la mtoto mbele ya taa.

Leo Jumatano. Upepo umegeuka.
Upande wa Urambo kuna wingu, dogo,
linabisha hodi huku limeshaweka mguu ndani.
Si Ijumaa, lakini simu imelia.
"Kesho," anasema Nkwabi, anahema, amepanda mbio.
"Watu hawataacha kuoana. Hii mvua ikinyesha, basi."

Harusi nimemwachia Mihayo, na nusu ya pili ya malipo.
Lenzi kaniachia mimi.

Mama amefunga viazi kwenye kitambaa, hajasema kitu.
Pazia nimelishusha, nimelikunja mara nne.
Ukutani pamebaki mstatili mweupe
kuliko ukuta wote, na misumari yake.
Mteja akija kesho
ataukuta mlango umefungwa.